Intani nusura atuulie mama wodini: niandike ripoti au nimalizane naye kimya kimya?

Dokta_Zamu
Habari za usiku wakuu. Mimi ni daktari (MD), mwaka wa nne kazini, hospitali ya rufaa ya mkoa, siitaji jina. Nasimamia intani watatu (madaktari waliomaliza chuo, wako kwenye mwaka wa mazoezi) wodi ya wazazi, usiku tunakuwa mimi, intani mmoja na manesi wawili, vitanda 38 na kina mama wanalala wawili wawili. Wiki iliyopita alikuja mama wa kifafa cha mimba, saa 4 usiku akapewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa na 10 kwenye makalio, degedege likatulia. Saa 8 intani akamchoma gramu 5 nyingine wakati mkojo hautoki vizuri, na dawa hii inatoka mwilini kwa mkojo, hakuuliza mtu. Saa 9 nesi anapita anakuta mama anapumua mara 8 kwa dakika. Kapona, namshukuru Mungu. Kesho naitwa kwa mganga mfawidhi. Nikiandika ripoti dogo anaweza kurudia mwaka, nisipoandika linaniangukia mimi. Nifanyeje?

Kipepeo88
Andika ripoti. Vijana wa siku hizi wanasomea kwenye simu, uhai wa mtu sio wa kujifunzia. Mungu anaona.

Bin_Pangani
Mke wangu 2016 alijifungulia koridoni, aliyemhudumia alikuwa intani, mikono inamtetemeka kabisa lakini hakubanduka pale mpaka kunakucha. Mwanetu tumempa jina lake. Msiwaseme vibaya hawa watoto.

NesiMkongwe
Miaka 21 niko wodini. Swali langu moja, saa 8 ulikuwa wapi?

Dokta_Zamu
Nilikuwa zamu dada, napatikana kwa simu.

NesiMkongwe
Kwa simu ukiwa wapi? Chumba cha madaktari kina kitanda, ulikuwemo?

Mama_Junior
Samahani nje ya mada, mdogo wangu kamaliza udaktari, kupangiwa hospitali ya intani huwa inachukua muda gani?

Dokta_Zamu
Sawa. Nilikuwa hospitali binafsi hapo hapo mjini, waliniita nikasaidie upasuaji, nilijua ni masaa mawili tu nirudi. Mshahara mnaujua, nina ada za watoto watatu. Simu ilibaki kwenye koti nje ya thieta. Dogo kapiga 7:48, 7:55 na 8:02. Mkojo ulikuwa mililita 40 toka saa 4, alitaka kujua achome au asubiri. Lakini jamani chuoni wote tumefundishwa, mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa dozi unaisimamisha! Na maelezo keshaandika, mimi nimemwelekeza tu, kakubali kosa na kasaini.

Mzee_Kijiweni
Hii chai wakuu. Mwanzo "hakuuliza mtu", sasa simu tatu na dakika zake. Halafu mtu wa pumzi 8 anapona bila mashine? Uzi ufungwe.

Kipepeo88
Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

NesiMkongwe
Kupona anapona, kalsiamu glukonati gramu 1 polepole kwenye mshipa na oksijeni, unamwona anarudi. Nimeshafanya mara mbili kwa mikono yangu. Chai haipo hapo.

Dokta_Zamu
Mzee sijatunga. Nilirudi saa 11 alfajiri nikamkuta nesi kamshika mama mkono anahesabu pumzi kwa sauti, dogo kakaa sakafuni pembeni ya kitanda na nyundo ya goti, kila baada ya dakika chache anainuka anagonga goti la mama aone kama mguu unaruka, maana dawa ikizidi hauruki, anakaa tena. Nikamfokea mbele ya wagonjwa. Hakufungua mdomo kusema alinitafuta, zile simu niliziona mwenyewe baadaye nikiwa nyumbani. Toka siku hiyo silali.

Bin_Pangani
Daah.

NesiMkongwe
Maelezo aliyosaini yametaja hizo simu?

Dokta_Zamu
Hapana.

NesiMkongwe
Kitabu cha ripoti ya usiku anaandika nani?

Dokta_Zamu
Nesi wa zamu.

NesiMkongwe
Basi kaandika "daktari amepigiwa mara tatu, hajapatikana". Hata ningekuwa mimi ningeandika hivyo hivyo. Umekisoma?

Dokta_Zamu
Bado. Nashuka wodini sasa hivi.