Mjadala: Ni toleo lipi la The Gold Rush linalostahili kuonyeshwa kwanza?

Mtu anapoandaa onyesho la The Gold Rush, filamu ya Charlie Chaplin inayochanganya kicheko na huzuni, je, aonyeshe toleo bubu la mwaka 1925, au lile la mwaka 1942 ambalo Chaplin mwenyewe alilihariri upya, akaondoa maandishi yaliyotokea kati ya picha, akatia muziki na kukisimulia kisa kwa sauti yake? Mimi nasema toleo la 1925 ndilo filamu yenyewe, na kwamba la 1942 lionyeshwe baada yake, huku watazamaji wakielezwa wazi kuwa wanatazama kazi nyingine.

Wanaolitetea toleo la pili wana hoja nzito, nami siibezi. Chaplin ndiye aliyeiandika filamu hii, akaiongoza na kuiigiza. Ikiwa mwenye nyumba ameamua kubomoa ukuta wake, jirani ana haki gani ya kulalamika? Wanakumbusha pia kwamba toleo hilo liliteuliwa kuwania tuzo mbili za Oscar, ya muziki na ya urekodi wa sauti, na kwamba mtazamaji asiyezoea filamu bubu hulipokea kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, itazameni barua ya Georgia. Katika toleo la 1925, Georgia, mchezaji wa ukumbi wa dansi, anamwandikia Jack, mwanamume anayempenda, kumwomba radhi na kumwambia kwamba anampenda. Jack, kwa ukatili, anafanya mzaha wa kuipeleka barua hiyo kwa mtafuta dhahabu maskini anayeigizwa na Chaplin, ambaye naye anampenda Georgia, na maskini wa watu anaamini kwamba ameandikiwa yeye, akaruka kwa furaha isiyo yake. Katika toleo la 1942 barua inaonekana kana kwamba aliandikiwa yeye tangu mwanzo. Hapo hakikupunguzwa kipande tu, bali kiini cha huzuni ya kisa kizima kimeondolewa, kwa sababu tulikuwa tukimcheka mtu huku tukijua jambo ambalo yeye halijui, na kicheko hicho kilikuwa kikituuma. Mwisho nao umebadilika: busu la melini, mbele ya mpiga picha, limekatwa.

Kuna pia suala la sauti. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, mtafuta dhahabu ameandaa meza, wageni hawaji, naye anaota akiwachezea ngoma ya mikate miwili iliyochomwa kwa uma. Ukimya wa chumba kile ndio unaotueleza upweke wake. Sisi tuliowahi kukaa katika mabanda ya video, tukitazama filamu za kigeni zilizotiwa maneno ya Kiswahili na msimulizi, tunajua jinsi sauti ya mtu mmoja inavyoweza kukuamulia ni nani wa kumwonea huruma na ni wakati gani wa kucheka. Usimulizi huo una ladha yake, na mimi niliupenda, lakini hakuna aliyedai kwamba ulikuwa filamu yenyewe.

Kuhusu haki ya msanii, nakubali kwamba anaweza kuitengeneza kazi yake upya mara nyingi apendavyo. Nisichokubali ni kwamba anaweza kukifuta kile ambacho umma ulikwisha kukipokea. Toleo la 1925 liliendelea kuzunguka baada ya hakimiliki yake kumalizika nchini Marekani mwaka 1953, mara nyingi katika nakala duni, hadi Kevin Brownlow na David Gill, wataalamu wa filamu bubu, walipoliunda upya mwaka 1993. Tofauti ya urefu, takribani dakika 95 dhidi ya 72, inatokana kwa sehemu na kasi ya kuendeshea filamu, kwa hiyo siitumii kama ushahidi mkuu.

Ushahidi wangu ni barua. Anayeona kwamba toleo la 1942 linatosha peke yake na atueleze, kwa kutumia filamu yenyewe, ni nini kilichopatikana pale barua ile ilipobadilishiwa mwenyewe.