Bi mkubwa alibadilishiwa nyonga, leo tunaambiwa "mfupa unakufa". Ushauri wakuu

Wakuu, habari za jioni. Bi mkubwa ana miaka 71. Mwaka 2013 alianguka bafuni akavunjika shingo ya paja, akabadilishiwa nyonga. Alikuwa anaenda sokoni mwenyewe. Huu mwezi wa nne paja linamuuma akiinuka kitini. Akipiga hatua kadhaa linatulia. Daktari kaitazama eksirei dakika mbili: mfupa unakufa, meza antibayotiki, rudi mwezi ujao. Unakufaje wakati walishaukata? Dawa ziko mezani, sijampa.

Kisiki: Pole mkuu. Supu ya kongoro, na tafuta mama wa kuchua.

nesi_wa_zamu: Kongoro anywe, kuchua HAPANA! Chuma kikiwa kimelegea mtamvunja paja. Mleta uzi, walimwekea nyonga nzima, au nusu (kichwa cha paja tu)?

Mleta uzi: Nzima, na kikombe chake kile kinachopokea kichwa cha paja.

nesi_wa_zamu: Basi iko hivi. Kichwa cha paja, kile kinachokufa kwa kukosa damu (wenye selimundu wanakijua vizuri), kilitolewa siku ile ile. Sasa huenda unaolika ni mfupa unaokishikilia chuma. Plastiki ya kwenye kikombe husagika mwaka hadi mwaka, na mwili ukipambana na lile vumbi unaishia kuula mfupa wenyewe. Maumivu ya kuinuka kisha nafuu yanaashiria chuma kulegea. Ila wadudu nao hujificha humo bila homa, kwa hiyo wapime damu, ESR na CRP (vipimo vinavyopanda mwili ukiwa na uvimbe au wadudu), na ikibidi wavute maji ya kwenye kiungo cha nyonga. Ukimpa antibayotiki kabla ya hapo, wadudu wanaweza wasionekane kwenye kipimo hata kama wapo. Usimpe kabla hajaonwa na bingwa wa nyonga. Akipata homa, au kidonda cha zamani kikitoa usaha, au akishindwa kukanyaga, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Baba Tumaini: Mimi nilirudiwa upasuaji wa nyonga. Picha moja haisemi kitu, bingwa atataka za zamani alinganishe. Nenda hospitali ya MOI (Muhimbili, Dar) au KCMC (Moshi). Na fimbo ashike mkono wa upande usiouma, wengi wanakosea hapo.

Mleta uzi: Asanteni wakuu. Eksirei ya 2014 nimeikuta chini ya godoro lake, imekunjamana ila inasomeka. Fimbo kaikataa, anasema itamzeesha.

Baba Tumaini: Mwambie ni ya kufukuzia kuku.