Kikundi cha familia: Nyumba ya Mzee

*Jumatatu*

Dada Mkubwa 19:42
Habari za jioni wapendwa. Tumerudi kliniki na Baba. Dawa ni zile zile, ila ya kupunguza maji wameiongeza kidogo kwa sababu ya miguu kuvimba. Halafu wamempangia mazoezi. Mara mbili kwa wiki, wiki 8.

Baba Mdogo 19:44
Mazoezi ya nani?

Dada Mkubwa 19:44
Ya Baba. Shikamoo Baba Mdogo.

Baba Mdogo 19:46
Marahaba. Sijaelewa. Si juzi tu tuliitwa tukaambiwa sasa ni tiba shufaa, ya kumpunguzia mateso maana ugonjwa hauponi? Mtu moyo umechoka, mapafu yamechoka, leo wanataka akimbie?

Shangazi 19:47
Kaka yangu akienda chooni tu anarudi anatweta kama katoka kupanda mlima. Mwacheni apumzike jamani, kafanya kazi miaka yote.

Kaka 19:55
Mimi naulizia mashine ya oksijeni huku. Nikiipata naituma, mazoezi ya nini tena.

Kaka 19:56
_Imesambazwa mara nyingi:_ SAFISHA MAPAFU KWA SIKU 3!!! Daktari hawatakuambia hili…

Binamu Nesi 19:57
Kaka futa hiyo. Natoka zamu, nikifika nyumbani naandika.

Kaka 19:57
Nimefuta 🙈

Binamu Nesi 21:10
Shikamooni wazee wangu.
Tiba shufaa si kukaa kusubiri. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza maana yake mwaka 2002, liliweka humo kwamba mgonjwa asaidiwe kuishi akijishughulisha kadiri anavyoweza mpaka mwisho wake. Na inatolewa sambamba na matibabu mengine, si baada ya kukata tamaa.
Sasa Mjomba. Akihema anaogopa. Akiogopa anakaa. Akikaa, mapaja yanasinyaa. Paja lililosinyaa linadai hewa nyingi kwa kazi ile ile ndogo, kwa hiyo kesho anahema mapema kuliko leo. Mapafu yake hatuwezi kuyafanya mapya. Mapaja tunaweza kuyarudisha kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachomfikisha chooni.

Shangazi 21:14
Wewe mwanangu tangu uvae gauni jeupe hubishiki. Akianguka je?

Binamu Nesi 21:16
Mama, hakimbizwi mtu. Anaanza kwenye kiti. Kunyanyua visigino, kupiga hatua akiwa amekaa, kusimama na kukaa. Wanamuuliza pumzi imebana kiasi gani kutoka 0 hadi 10, na kwa hali yake wanamweka kwenye 3 au 4, aweze bado kujibu maneno mawili matatu. Kifua kikiuma, kizunguzungu, moyo kwenda mbio ovyo au midomo kubadilika rangi, wanaacha hapo hapo.

Binamu Nesi 21:21
Kaka, oksijeni ni dawa, usiitume kama zawadi. Inamfaa ambaye vipimo vimeonyesha imepungua sana kwenye damu. Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilitoa jaribio la wagonjwa 239 wanaosumbuliwa na pumzi lakini oksijeni yao haijashuka sana. Wengine wakapewa oksijeni, wengine hewa ya kawaida, wote kwa mrija wa puani, bila kujua nani kapewa nini. Nafuu walipata pande zote, oksijeni haikuishinda hewa ya kawaida. Na kwa mapafu kama ya Mjomba ikizidi inadhuru, ndiyo maana kwenye kadi wameandika oksijeni ya damu iwe asilimia 88 hadi 92.
Tuma feni ndogo ya mkononi. Aishike kama sentimita 15 kutoka usoni, upepo upige puani na mashavuni. Ubongo unapata taarifa kwamba hewa inaingia, kiu ya hewa inapungua.

Kaka 21:23
Feni??

Binamu Nesi 21:23
Feni.

*Alhamisi*

Dada Mkubwa 12:30
Tumetoka siku ya kwanza. Ngoja niwasimulie.
Kabla ya chochote yule mtaalamu alivuta kiti akakaa mbele ya Baba, akamuuliza: "Mzee, ukipata nguvu kidogo, unataka kufanyia nini?" Mimi nikaanza kujibu kwamba tungependa atembee mpaka barazani. Baba akaninyooshea mkono ninyamaze. Akasema, "Nataka kuoga mlango umefungwa."

Dada Mkubwa 12:31
Miezi 3 namwogesha, hajawahi kuniambia.

Baba Mdogo 12:40
Hilo ni la kwake kabisa. Huyo ni kaka yangu.

Kitindamimba 12:44
Na mazoezi yenyewe aliweza?

Dada Mkubwa 12:49
Kusimama na kukaa mara 5. Kumbe siku zote alikuwa anaibana pumzi ndipo anyanyuke. Wakamfundisha ainamie mbele, avute kwa pua, halafu asimame huku anaitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza mshumaa bila kuuzima. Alisimama mara 4. Ya tano akakaa kabla hajanyooka, akawaambia, "Hiyo andikeni nusu."

Kitindamimba 12:50
😂😂 Baba huyo

Shangazi 12:58
Alitweta?

Dada Mkubwa 13:01
Alitweta Shangazi. Akaweka viwiko kwenye mapaja, akashusha mabega, nikahesabu moyoni. Dakika mbili hivi ikatulia. Zamani angeita watu wote.

*Jumamosi*

Kitindamimba 06:52
Kipimo cha oksijeni cha kidole kinasoma 84!!! Dada yuko bafuni nifanyeje

Binamu Nesi 06:53
Yeye mwenyewe anasemaje? Anahema kuliko jana? Vidole vya baridi?

Kitindamimba 06:54
Anasema niache kelele anataka kulala. Vidole vya baridi sana

Binamu Nesi 06:54
Upashe mkono joto, atulie dakika moja, soma tena. Kidole cha baridi kinadanganya.

Kitindamimba 06:59
90

Binamu Nesi 07:00
Iko ndani ya kiwango chake. Mtazame usoni kwanza ndipo utazame mashine. Hata hizi mashine kwa ngozi nyeusi wakati mwingine zinasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo namba nzuri nayo isikulaze usingizi kama mtu anaonekana vibaya.

*Jumatano*

Dada Mkubwa 08:15
Uzito umepanda kilo 2 tangu Jumapili, na viatu havimwingii. Nimepiga kliniki. Mazoezi ya kesho yamesimama mpaka maji yapungue.

Baba Mdogo 08:20
Si nilisema?

Binamu Nesi 08:31
Mjomba Mdogo, maji hayo ni ya moyo. Mazoezi hayajayaleta. Na Dada umefanya vizuri kupiga mapema.

Baba Mdogo 08:40
Sawa. Lakini nikuulize kitu kama mtu mzima. Siku itakapofika hawezi tena hata hayo ya kwenye kiti?

Binamu Nesi 08:52
Itafika. Hapo hatumlazimishi. Wataalamu wale wale wanabadilisha kazi: namna ya kumgeuza, namna ya kumkalisha asibanwe, feni, namna ya kutulia hofu ikija usiku. Leo bado hatujafika huko.

Baba Mdogo 08:53
Asante mama.

*Jumapili, wiki ya sita*

Dada Mkubwa 17:20
Bafuni tumeweka kiti cha plastiki chenye mikono. Maji ya uvuguvugu, maana mvuke unambana, na dirisha la juu liko wazi. Kila kitu kiko usawa wa mkono wake asiiname. Akimaliza anavaa lile joho la taulo, linanyonya maji lenyewe, kujifuta kulikuwa kunammaliza kuliko kuoga. Komeo nimeling'oa. Mlango unafungwa ila haukomewi, tumekubaliana hivyo.

Kaka 17:22
Kwa hiyo leo??

Dada Mkubwa 17:25
Kafunga mwenyewe. Nikasimama nje nasikiliza maji. Yanamwagika, yananyamaza. Yanamwagika, yananyamaza. Yaliponyamaza muda mrefu nikasogea kabisa, mkono kwenye kitasa.

Dada Mkubwa 17:25
Akasema, "Toka hapo. Naona miguu yako chini ya mlango."

Shangazi 17:26
😭😭😭

Baba Mdogo 17:31
Alitumia muda gani?

Dada Mkubwa 17:32
Dakika 25. Sasa amelala na feni mkononi, haijazimwa.

Baba Mdogo 17:33
Izime basi, betri hizo.