Naomba ushauri: Baba amepoteza Kiswahili baada ya kiharusi, lakini salamu za Kinyakyusa bado anazisema

Wapendwa, habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Baba ana miaka 67. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo. Anaelewa karibu kila kitu, kusema ndiyo shida. Jana alishika kikombe, akakitazama, "hii... hii...", kisha akakisukuma huku machozi yakimlengalenga. Iliniuma sana. Lakini tenzi za kanisani anaimba maneno yote! Na salamu za Kinyakyusa zinamtoka zenyewe, wakati Kiswahili alichofundishia miaka 30 kinagoma.

Nimesoma kuhusu mgonjwa wa daktari Mfaransa Paul Broca, Paris 1861, aliyebaki na neno "tan" tu ingawa alielewa mengi; ubongo wake ulikuwa umeharibika mbele, kushoto. Nikasoma pia kwamba wapo wanaofundishwa kusema kwa kuanzia na kuimba.

Tumejaribu picha na kumwanzishia silabi ya kwanza. Asubuhi inasaidia, akichoka hapana.

Naomba kuuliza: tumfanyishe mazoezi kwa Kinyakyusa kwanza, au lugha zote mbili pamoja? Na aliyewahi kumfundisha mgonjwa kwa kuimba, mlianzaje, kwa maneno gani?