Mnara wa vita msituni huku Finland, nani ameshaupanda?

MamaWawili: Habari zenu wadau. Jumapili tulikuwa tunatembea msituni na watoto nikaona kibao kinaelekeza kwenye mnara wa mbao, eti ulikuwa wa kulindia anga enzi za vita vya Finland na Wasovieti, huu wa sasa umejengwa upya. Giza likatukuta njiani tukarudi. Kuna cha kuona au ni mbao tu? Na watoto wa miaka 6 na 9 wanaweza kupanda?

Mtembezi_Tampere: Rudi dada, usiache. Mi nilipanda mmoja wa namna hiyo mwaka jana, ngazi imesimama wima kweli, huyo wa 9 atapanda ukiwa nyuma yake, wa 6 mwache chini na mtu. Juu kuna kijukwaa cha watu watatu hivi, kwenye ukingo wamechora pande za dunia, na kuna simu ya kuzungusha kwa mkono, maana kazi yenyewe ndo hiyo, ukiona ndege za Wasovieti unapiga simu useme ziko ngapi, aina gani, zinaelekea wapi. Waliokaa huko wengi walikuwa wanawake na mabinti wa Lotta Svärd, chama cha wanawake wa kujitolea kusaidia jeshi, mwanachama akiitwa lotta, na majira ya baridi ya 1939 kuingia 1940 yalikuwa makali kupita kiasi, zamu usiku na mchana. Ukifika juu nyamazeni dakika tano tu. Misonobari ikivuma utajiuliza wale mabinti usiku walijuaje huu ni upepo na ule ni injini.

Neema_mlezi: Hapo kwenye kusikiliza umenigusa. Nafanya kazi ya kutunza wazee, tulikuwa na bibi mmoja aliyewahi kuwa lotta wa mnarani akiwa msichana. Hata helikopta ya wagonjwa ikipita alikuwa anaacha kijiko, anainua kichwa mpaka sauti ipotee ndo anaendelea kula. Chama chao kilivunjwa 1944 baada ya kusitisha vita, akanambia beji yake aliificha na miaka mingi hakumwambia mtu. Mkitoka mnarani wapeleke watoto makumbusho ya Lotta pale Tuusula, si mbali na Helsinki.

MamaWawili: Jamani asanteni, nimesoma hii ya kijiko mara mbili. Jumamosi tunaenda, asubuhi safari hii.

Mtembezi_Tampere: Sawa, ila soksi zivutwe juu ya suruali, majani ya kando ya njia yana kupe. Mkirudi wakague nyuma ya magoti.