Nembo ya ukoo: ikichapwa ndogo inageuka madoa, tatizo nini?

KarafuuTamu
Wakuu, habari zenu. Ukoo wetu wa Pemba unataka nembo yenye ngao, ya kuweka kwenye fulana, barua na mhuri. Rasimu ina uga (rangi ya chini ya ngao) mwekundu, na juu yake mkarafuu mweusi, jahazi la kahawia, kitabu, jembe, halafu simba wawili wameishika ngao. Kwenye kompyuta inapendeza, lakini ikipunguzwa havionekani vitu. Tatizo ni mchoraji au mpangilio?

MkunaNgao
Mpangilio, mkuu. Fani hii ya nembo za ngao ilianza Ulaya karne ya 12, ngao ikitakiwa itambulike kwa mbali, ndiyo maana rangi zake ziko mafungu mawili. Kuna metali: dhahabu (njano) na fedha (nyeupe). Kuna rangi zenyewe: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani, zambarau. Rangi haikai juu ya rangi, wala metali juu ya metali. Mkarafuu mweusi kwenye wekundu lazima uzame. Kahawia nayo iache, inafifia kwenye kila uga wa giza.

Angalia bendera ya Tanzania: mistari ya njano ndiyo inayotenga nyeusi na kijani na buluu. Ngao ya Kenya vilevile, jogoo mweupe juu ya nyekundu, na utepe mwembamba mweupe kila rangi mbili zinapokutana.

Vitu vitano ni vingi mno. Chagua viwili, na uvieleze kwa maneno kabla hujagusa penseli: kwanza uga, kisha kitu kikuu, mwisho vya pembeni. Mfano: *Uga wa buluu, jahazi la dhahabu lenye tanga la fedha, juu, mkanda wa fedha wenye karafuu tatu za kijani.* Mkanda huo uchukue kama theluthi ya urefu wa ngao. Jahazi lijaze nafasi iliyobaki hadi karibu na kingo. Wengi huchora kitu kidogo katikati na kuacha uga mtupu. Karafuu ichore moja moja, kichwa na kikonyo chake kinene. Mti mzima wenye majani ndio uliokuletea madoa.

Maelezo hayo ndiyo nembo yenyewe. Mchoraji mwingine akiyafuata atatoa jahazi la mkono tofauti, na nembo itakuwa ile ile.

Bi_Mhuri
Naongeza ya mhuri. Hapo hakuna rangi, hivyo wachongaji wana mistari yao: wima ni nyekundu, mlalo ni buluu, nukta ni dhahabu, mahali patupu ni fedha. Kwenye mhuri wa sentimita 2 au 3 usiitumie, nafasi baina ya mistari hujaa wino. Chora umbo tu, weusi kwa weupe. Mwambie mchoraji akupe faili la vekta (mchoro unaokuzwa bila kuharibika), si picha. Picha ikikuzwa kwenye fulana kingo zinachakaa.

Jingine: kulia kwa ngao ni kulia kwa aliyeishika, yaani kushoto kwako unayetazama. Jahazi lielekeze omo (mbele yake) huko.

KarafuuTamu
Shukrani sana. Na simba? Pia kuna tovuti inauza "nembo halisi ya jina lenu".

MkunaNgao
Simba waondoe. Uingereza, washika ngao hutolewa kwa wachache, kama malodi na baadhi ya taasisi, na kwenye fulana wanakula nusu ya nafasi. Tovuti hiyo iepuke: kwa desturi ya Kiingereza nembo hupewa mtu na uzao wake, haipewi jina. Wanachokuuzia ni nembo ya mtu mwingine aliyewahi kuwa na jina linalofanana.

Ukitaka kusajili, Kenya ina sheria ya College of Arms (chombo cha kutoa na kusajili nembo) ya 1968, na Afrika Kusini ina ofisi ya usajili wa nembo. Bibi na Bwana na Mwenge wa Uhuru usiviweke kabisa, ni alama za taifa.

Kabla ya kulipa kiwanda cha fulana, chapa ngao kwa upana wa sentimita 2, ibandike ukutani, urudi nyuma hatua tatu. Tanga lisipoonekana, punguza kamba na uongeze unene wa mlingoti.