Ukoo wa Bi Rukia, Langoni, Lamu

*Alhamisi*

Zuhura 06:48
Asalaam alaykum jamaa zangu. Paka wetu Shaibu hajapata choo tangu Jumatatu. Anaingia kwenye karai la mchanga, anakamua mpaka analia, hakuna kitu. Usiku ametapika povu. Nataka mtu wa boti na mtu wa pesa, leo hii.

Zuhura 07:30
Alama za buluu naziona.

Hafidh 07:52
Waalaykum salaam. Mpeni papai, ndilo lililomfungua Ami Faki siku ya Maulidi 😂

Mwana Esha 07:53
😂😂😂 na zile kelele

Ami Faki 08:01
Mimi nimo humu humu.

Zuhura 08:02
Hafidh! Paka ana miaka 15.

Salma Maskat 08:20
Mmehakikisha ni choo? Dume akikamua huenda ni mkojo umeziba, na huo unaua kwa siku moja mbili tu. Anakojoa?

Zuhura 08:22
Anakojoa, mchanga ulilowa alfajiri. Nimempapasa tumbo, mna vitonge vigumu kama kokwa za tende. Na nani anamtupia mifupa ya changu?

Mwana Esha 08:24
Anaomba mwenyewe 🙈

Hafidh 08:25
Basi mafuta ya mbarika, kijiko kimoja.

Salma Maskat 08:26
LA! Msimnyweshe mafuta yoyote kwa nguvu, yataingia mapafuni. Na ile dawa ya bomba, ya kutia nyuma, ya duka la dawa, ya watu, yenye fosfeti, isimkaribie. Inavuruga chumvi za damu, paka anakufa. Panadol pia ni sumu kwake.

Salma Maskat 08:29
Paka mzee mara nyingi figo zimechoka. Mwili ukikauka, utumbo unafyonza maji yote ya kwenye choo. Atiwe maji chini ya ngozi kwanza, halafu daktari mwenyewe amlaze kwa dawa na ampige bomba la maji vuguvugu. Laktulosi, dawa ya kulainisha choo, baadaye, kwa kipimo atakachosema yeye.

Zuhura 08:31
Mmesikia. Daktari wa mifugo yuko ng'ambo bara, Mokowe. Kila nyumba mia tano, tumeni kwangu.

Ami Faki 08:40
Kwako tena. Na zile za paa?

Zuhura 08:41
Ami, stakabadhi niliziweka hapa hapa.

Ami Faki 08:44
Za mabati. Sisi tulichangia makuti.

Hafidh 08:45
Haya tena 🍿

Zuhura 08:47
Mlisema mtapokezana huyu paka, kila nyumba mwezi. Nani amempokea? Mnanidai makuti, mimi niwadai nini?

Bi Rukia 09:15
Ni Twaha naandika, Bibi anasema hivi: Paka huyu alilala miguuni pa marehemu mpaka roho ikatoka, na nyinyi mlikuwa Mombasa. Mabati na makuti yawekeni. Sitaki kumsikia analia usiku mwingine na nyumba hii ina watu wazima.

Ami Faki 09:38
Nimetuma elfu mbili.

Mwana Esha 09:40
Nimetuma. Bibi tusamehe.

Zuhura 09:41
Shukran Ami. Hafidh, boti?

Hafidh 09:55
Injini iko kwa fundi, baada ya adhuhuri inshallah.

Zuhura 09:56
Adhuhuri ni mbali! Nashuka gatini sasa, nitapanda boti ya abiria.

Salma Maskat 09:58
Mtie kapuni, mfunike kwa leso. Usimlazimishe kula njiani.

Omari 12:50
Samahani nilikuwa kazini. Nani mgonjwa?

Zuhura 13:05
Daktari ameitwa mji wa Hindi kwa ng'ombe, wanasema atarudi alasiri. Namsubiri hapa hapa. Dawa itakuwa ya kila siku, asubuhi na jioni, na chakula laini chenye maji. Mimi kesho nina kazi. Nani atampa?

Mwana Esha 13:20
Asubuhi naweza. Jioni Hafidh.

Zuhura 13:21
Hafidh?

Zuhura 13:44
Hafidh umesoma.